NMB, CRDB au benki ya ushirika? Ulinganisho kwa mfanyabiashara mdogo

Mama mmoja anayeuza mchele Morogoro mjini alinifungulia kaunta buku tatu juu ya gunia: mbili za mauzo, moja ya madeni. Kazi yangu ni kuwafungia hesabu wafanyabiashara wadogo, na siku hiyo nilikwenda kwa ajili ya kodi. Yeye alikuwa na lake. Maafisa mikopo wa NMB na CRDB walishapita dukani kwa nyakati tofauti, na mdogo wake aliyeolewa Tandahimba alikuwa akimpigia simu kumsisitiza asubiri benki ya ushirika.

"Mwanangu, wote wana maneno matamu," akaniambia. "Ila wamo waliopeleka madawati shuleni kwa mjukuu wangu. Nikawa nawaza, mwenye kukumbuka watoto hawezi kunitupa mimi. Au nakosea?"

"Hukosei kuwashukuru, mama," nikamjibu. "Ila dawati halikuambii rejesho la kwanza ni lini."

Tulikaa mpaka saa kumi na moja jioni. Ninayoandika hapa ni yale tuliyoyapima pamoja, nimeyapanga tu kwa ajili ya wengine waliokwama palepale: una biashara inayotembea, unataka benki ya kukaa nayo miaka, na ungependa pia iwe benki inayowatendea haki watu wa unakoishi.

Tunapima nini

Nimechukua vipimo vinne, na kila benki nitaipitisha kwenye vyote.

Cha kwanza ni kufikika. Usihesabu matawi tu. Kwa mwenye duka, wakala wa mtaa wa pili mwenye salio la kutosha anaweza kukufaa kuliko tawi zuri lenye foleni ndefu. Jiulize hivi: ni Jumamosi jioni, una milioni tatu za mauzo mkononi. Utaziweka wapi kabla giza halijaingia, na utakatwa kiasi gani?

Cha pili ni mkopo. Hapa nitakawia, kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Ukiambiwa "riba ni asilimia 18", bado hujaambiwa bei. Chukua mkopo wa milioni 10 kwa mwaka mmoja. Riba isiyopungua hupigwa kwenye milioni 10 zote mpaka mwezi wa mwisho, hata kama nusu umesharudisha: utalipa riba ya 1,800,000, na rejesho la kila mwezi litakuwa kama 983,000. Riba inayopungua hupigwa kwenye deni lililobaki tu: rejesho linashuka hadi kama 917,000, na riba ya mwaka mzima inakaribia milioni 1. Asilimia ni ileile, lakini tofauti ni karibu shilingi 800,000. Hayo ni magunia kadhaa ya mchele yanayoondoka kwa sababu ya neno moja ambalo hukuuliza.

Halafu kuna makato ya mwanzo. Miaka ya nyuma nilikopa milioni 10 kwenye benki moja ambayo sitaitaja. Siku ya kusaini ndipo nilipojua kwamba ada ya kushughulikia mkopo na bima ya mkopo zinakatwa humohumo. Iliyoingia kwenye akaunti ilikuwa 9,640,000, na mzigo niliokwisha kuuagiza ulitaka 10 kamili. Ikabidi nimwombe jirani 360,000. Tangu siku hiyo namuuliza afisa mikopo mambo mawili kabla ya yote: itaingia shilingi ngapi kwenye akaunti, na mpaka namaliza nitakuwa nimerudisha jumla ya shilingi ngapi?

Ndani ya kipimo hiki kuna ratiba ya marejesho. Mpunga wa bonde la Kilombero huanza kuvunwa Mei. Mama wa mchele hununua Juni na Julai bei ikiwa chini, anakoboa na kuhifadhi, kisha anauza vizuri kuanzia Desemba. Akipewa mkopo Juni na rejesho la kwanza likawa Julai, itamlazimu auze mchele kwa bei ya mavuno ili alipe deni alilolichukua kununulia mchele huohuo. Mkopo wa riba ndogo wenye ratiba mbovu unaweza kummaliza haraka kuliko wenye riba kubwa kidogo unaokwenda na msimu.

Cha tatu ni usalama wa fedha zako. Benki zote ninazozitaja hapa zinasimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania, na amana zake zinalindwa na Bodi ya Bima ya Amana. Kinga hiyo ina kikomo: shilingi milioni 7.5 kwa mwenye amana katika benki moja, baada ya kupandishwa kutoka milioni 1.5. Chini ya kiwango hicho lala usingizi. Juu yake, jisomee hali ya benki yako. Taarifa za fedha za kila robo mwaka hutangazwa magazetini, na hata usipojua uhasibu tafuta mstari wa mikopo chechefu, yaani ile isiyolipwa ipasavyo. Benki Kuu inataka isizidi asilimia 5 ya mikopo yote.

Cha nne ni jamii, na hapa naomba tutenganishe mambo mawili ambayo huwa yanachanganywa. Kuna kile ambacho benki inatoa baada ya kupata faida: madawati, mabati, vitanda vya wodi ya wazazi. Na kuna kile ambacho benki inafanya ndani ya biashara yenyewe: inamkopesha nani, wapi, kwa bei gani, kwa masharti yapi. Ukiwa na faida ya bilioni 500 na ukatenga asilimia 1, umetoa bilioni 5. Ni fedha nyingi, na mtoto aliyekuwa akiandika kwenye sakafu haoni udogo wake. Lakini mikopo ya benki hiyohiyo inahesabiwa kwa matrilioni. Inakokwenda mikopo hiyo ndiko mji unakobadilika, au unakobaki ulivyo. Kwa hiyo mimi nauliza yote mawili, nikianza na mkopo.

NMB

Kufikika. NMB ilizaliwa mwaka 1997, iliyokuwa Benki ya Taifa ya Biashara ilipogawanywa kwa sheria. Ikarithi matawi ya wilayani, yale ambako walimu na wastaafu walikuwa wakipanga foleni tangu alfajiri. Ndiyo maana leo, yenye matawi zaidi ya 200 na maelfu ya mawakala, utaikuta hata kwenye miji midogo ambako benki nyingine hazijafika. Ukiwa unafuata mazao Malinyi, Mlimba au Kyela, hili si jambo dogo: unamlipa mkulima kwenye akaunti badala ya kusafiri na fedha kwenye begi. Foleni za mwisho wa mwezi bado zipo kwenye matawi ya wilayani, kwa kuwa mishahara ya watumishi wengi hupita humo. Panga siku zako.

Mkopo. Mwaka 2005 kundi la wawekezaji lililoongozwa na Rabobank ya Uholanzi, benki iliyotokana na vyama vya ushirika vya wakulima huko kwao, lilinunua asilimia 49 ya hisa za NMB. Baadaye nafasi ya Rabobank ikachukuliwa na kampuni ya Arise. Mkono huo ulisaidia NMB kuwa na maafisa wanaoelewa mazao. Benki Kuu ilipotenga trilioni 1 mwaka 2021 kuzikopesha benki kwa sharti la kukopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10, NMB ni miongoni mwa walioshusha hadi asilimia 9. Lakini sikiliza vizuri: riba hiyo ni ya kilimo na mnyororo wake, si ya kila anayeuza chakula. Mwenye duka la rejareja atapewa mkopo wa kawaida wa biashara, wa bei nyingine kabisa. Uliza unawekwa kwenye kundi gani, na kama una hoja kwamba unanunua moja kwa moja shambani, peleka risiti na majina ya AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) unazofanya nazo kazi. Kwa dharura ndogo kuna Mshiko Fasta, mkopo wa simu usio na dhamana. Unafaa kuziba pengo la wiki mbili, haufai kununulia mzigo wa msimu.

Kuna pia NMB Business Club, umoja wa wafanyabiashara wanaokutanishwa mji kwa mji kupewa mafunzo ya kodi na utunzaji wa hesabu. Nimewaona wateja wangu wakitoka huko wameanza kutenganisha fedha ya duka na ya nyumbani, kitu ambacho mimi nilikuwa nimekihubiri miaka.

Usalama. Ni moja ya benki mbili kubwa kuliko zote nchini, hisa zake zipo Soko la Hisa la Dar es Salaam tangu 2008, na Serikali inamiliki karibu theluthi moja.

Kwa jamii. Upande wa kutoa, NMB hutenga asilimia 1 ya faida yake, na sehemu kubwa huenda kwenye madawati, vifaa vya kuezekea shule na vifaa vya hospitali. Taasisi yake ya NMB Foundation inasomesha watoto wenye akili wanaotoka kaya zisizojiweza kupitia ufadhili wa Nuru Yangu. Upande wa biashara yenyewe, mfano ninaoupenda ni hati fungani ya Jasiri ya mwaka 2022, yaani hati ambayo kwayo benki yenyewe inakopa kwa wawekezaji. Benki iliomba wawekezaji bilioni 25 kwa ajili ya kukopesha biashara za wanawake, ikapata zaidi ya bilioni 74. Ukiwa mwanamke mwenye biashara, ingia tawini uulize: "Mikopo ya wanawake kama ile ya Jasiri bado ipo, na inanifikiaje mimi?" Fedha zile zilikusanywa kwa ajili ya watu kama wewe.

Inamfaa nani. Anayefuata mazao vijijini, mwenye wateja au wakulima walio wilayani, na mtumishi mwenye biashara ya pembeni ambaye mshahara wake tayari unapita hapo, maana hiyo inampunguzia masharti ya dhamana.

CRDB

Kufikika. Nayo ina matawi zaidi ya 200 na mawakala wengi. Mijini utaona ushindani ni bega kwa bega. Wilayani inategemea ulipo. Alichonacho mteja wa CRDB ambacho wengine hawana kwa urahisi ni njia ya kuvuka mpaka: benki hii imefungua kampuni tanzu Burundi tangu 2012, na mwaka 2023 ikaingia Lubumbashi, Kongo. Kwa mfanyabiashara wa Kigoma anayeuza Bujumbura, au wa Kariakoo ambaye nusu ya wateja wake wanatoka Kongo, hilo lina maana kubwa. Mteja anaweka huko, wewe unapakia mzigo huku. Programu yake ya simu, SimBanking, ni ya siku nyingi, na wafanyabiashara wengi wa mjini wameizoea.

Mkopo. Jina lake linabeba historia ya kilimo: ilitokana na benki ya maendeleo vijijini ya mwaka 1971, mwaka 1984 ikawa Benki ya Ushirika na Maendeleo Vijijini, na mwaka 1996 ikageuka benki ya biashara yenye wanahisa binafsi. Nayo ilishusha riba ya kilimo hadi asilimia 9, na onyo nililotoa kwa NMB ni lilelile hapa. Naiona ina mikono mirefu kwenye biashara inayokua: dhamana za zabuni, mikopo ya kutekeleza oda uliyopewa na taasisi, ovadrafti (ruhusa ya kutoa zaidi ya salio lako) kwa mwenye mzunguko mkubwa. Kwa Mwislamu asiyetaka riba kuna dirisha la Al Barakah, ambako benki hununua bidhaa kisha kukuuzia kwa faida mliyokubaliana, badala ya kukukopesha fedha. Utaratibu wake ni tofauti na mkopo wa kawaida, kwa hiyo usiende na hesabu ya riba kichwani. Nenda na ankara ya bidhaa unayoitaka. (Anayetaka benki nzima isiyo na riba ana Amana Bank, iliyoanza 2011.)

Usalama. Kubwa, hisa zake zipo soko la hisa tangu 2009, na mwanahisa wake mkubwa kwa miaka mingi ni mfuko wa uwekezaji wa DANIDA, shirika la maendeleo la Denmark, mwenye asilimia 21. Mifuko ya hifadhi ya jamii ya hapa nyumbani nayo imo.

Kwa jamii. Nayo hutenga asilimia 1 ya faida kwa elimu, afya na mazingira. Kinachojulikana zaidi ni mbio za CRDB Marathon zilizoanza 2020, ambazo michango yake imelipia upasuaji wa moyo wa watoto katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na matibabu ya akina mama katika hospitali ya CCBRT. Mzazi aliyekaa pale Muhimbili na mtoto anayeishiwa pumzi anajua thamani ya hilo, wala mimi siwezi kulieleza zaidi yake. Ndani ya biashara yenyewe kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni iMbeju, mpango wa tangu 2023 unaowapa vijana na wanawake wanaoanza mafunzo na mtaji wezeshi, yaani wale ambao dirisha la kawaida la mikopo lingewarudisha kwa kukosa dhamana. La pili ni hati fungani ya Kijani ya mwaka huohuo: zilitakiwa bilioni 40, zikaja zaidi ya 171, kwa ajili ya miradi isiyoharibu mazingira. Ukiwa na mashine ya kukoboa unayotaka kuiendesha kwa umeme wa jua, au kisima cha umwagiliaji, hapo pana mlango. Ugonge.

Inamfaa nani. Mwenye biashara inayovuka mpaka, mwenye zabuni na oda, kijana mwenye wazo lililoanza kutembea lakini hana nyumba ya kuweka rehani, na asiyetaka riba.

Benki ya ushirika na benki za jamii

Hapa ndipo mdogo wake mama alipokuwa akimvuta. Benki ya Ushirika Tanzania ilizinduliwa Dodoma Aprili 2025, ikiwa imetokana na kuunganishwa kwa Benki ya Ushirika Kilimanjaro ya Moshi na benki ya jamii ya Tandahimba. Kando yake zipo benki ndogo za eneo, kama MUCOBA ya Mafinga. Nimeziweka pamoja kwa sababu zina tabia moja: wanaozimiliki ndio wanaokopa, au ni majirani zao.

Kufikika. Hapa zinazidiwa, hakuna haja ya kuficha. Matawi ni machache. Ukiwa Moshi, Dodoma, Mafinga au ukanda wa korosho, sawa. Ukiwa Morogoro kama mama wa mchele, ungekuwa unafuata benki badala ya benki kukufuata wewe. Angalia pia kama kadi na akaunti yao inapokea na kutuma fedha kwenye mitandao ya simu bila usumbufu, maana wateja wako wa Lipa Namba hawatakusubiri.

Mkopo. Hapa mizani inageuka. Afisa mikopo wa benki kubwa huja dukani, anahesabu magunia, anapiga picha, anauliza taarifa ya akaunti ya miezi sita, kisha faili linapelekwa makao makuu ambako hakuna anayejua kwamba duka lako lilifungwa wiki tatu kwa sababu ya msiba. Kwenye benki ndogo anayeamua huenda alikuwepo msibani. Anajua korosho hulipwa baada ya minada, kwa hiyo hakupangii rejesho la Agosti. AMCOS inayouza kwa stakabadhi ghalani, yaani hati ya mazao yaliyohifadhiwa ghalani, inaweza kutumia mazao yaliyo ghalani kama msingi wa mazungumzo. Gharama ya kukopa si lazima iwe ndogo: benki yenye mtaji mdogo hupata fedha zake kwa bei ya juu, na mara nyingine hiyo inakuja kwako. Vilevile kiwango cha juu cha mkopo kina kikomo. Ukishakua, utahitaji mkubwa zaidi.

Usalama. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki tano kwa mara moja kwa kuwa na mtaji pungufu. Zilikuwa Covenant Bank for Women, Efatha, Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Wananchi Meru na Benki ya Wakulima Kagera. Zote tano zilikuwa ndogo, na tatu kati yake zilikuwa za wakulima na wananchi wa eneo moja. Wapo waliokuwa wameweka humo fedha za ada na za kahawa, na wakati huo bima ya amana ilikuwa milioni 1.5 tu. Silisemi hili kuwaogofya watu na benki za ushirika. Hiyo mpya imeundwa na mtaji mkubwa zaidi kuliko zile zilizofungwa, na kikomo cha kinga kimepanda. Nalisema ili ukiweka huko zaidi ya milioni 7.5 uwe umeamua, isiwe imetokea tu.

Kwa jamii. Benki hizi hazina mbio za marathon wala hati fungani za mabilioni, na madawati yake ni machache. Mchango wake umo kwenye umbo lake. Faida ikipatikana, mgao unarudi kwa vyama vya ushirika vyenye hisa, na kwa mkulima kupitia chama chake. Akiba ya Mafinga ina nafasi kubwa ya kukopeshwa Mafinga. Tena una sauti: kama mwanachama wa chama chenye hisa unaweza kusimama kwenye mkutano mkuu wa chama ukamuuliza mwenyekiti kwa nini benki yenu haijawakopesha wachuuzi wa soko. Kwenye benki kubwa ungehitaji kununua hisa, na hata ukizinunua sauti yako inafuata idadi ya hisa zako. Udhaifu wake unatoka palepale kwenye ujirani: panapokosekana viongozi waadilifu, mikopo huenda kwa ndugu na marafiki, na mikopo ya namna hiyo hurudi kwa shida. Kabla ya kujiunga, omba kuona taarifa ya ukaguzi. Ukizungushwa, umeshajibiwa.

Inamfaa nani. Mwanachama wa AMCOS au SACCOS (chama cha akiba na mikopo), mfanyabiashara ambaye soko lake lote lipo ndani ya wilaya moja, na yule anayetaka kusikilizwa kabla ya kuhesabiwa.

Kulingana na hali yako

Kama biashara yako haijafikisha mwaka na huna dhamana, usianze na benki yoyote kati ya hizi kwa mkopo wa kawaida. Fungua akaunti, pitisha mauzo yote humo kwa miezi sita mpaka kumi na mbili, na wakati huohuo uliza ofisi ya maendeleo ya jamii kata kwako kuhusu mikopo ya halmashauri: asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Inataka kikundi, na inataka uvumilivu. Kijana mwenye wazo la teknolojia au usindikaji aongeze iMbeju kwenye orodha yake.

Kama unanunua mazao vijijini na kuuza mjini, mtandao wa wilayani utakuamulia mengi. Mimi ningeanza kuuliza NMB, kisha ningepeleka ofa yao CRDB nione kama watashusha. Ushindani wa hawa wawili ni mali yako, utumie.

Kama wateja wako wanavuka mpaka kwenda Burundi au Kongo, anza na CRDB.

Kama wewe ni mkulima wa korosho au kahawa uliye ndani ya chama, benki ya ushirika inastahili akaunti yako ya mazao. Iache hiyo ipokee malipo ya mnada, na uwe na nyingine kwenye benki kubwa kwa matumizi ya kila siku na akiba inayozidi kiwango cha bima. Kuwa na akaunti mbili hakuna dhambi, mradi makato ya mwezi umeyahesabu.

Kama mnakopa nyumba ikiwa rehani, popote pale, mume au mke lazima atoe ridhaa kwa nyumba ya familia. Hilo ni takwa la sheria, na ni zuri. Uliza pia kama wanapokea hatimiliki ya kimila, kwa sababu jibu hubadilika hata kati ya tawi na tawi la benki moja.

Kama linalokusukuma zaidi ni mchango wa benki kwa jamii, usiishie kwenye picha za makabidhiano. Muulize meneja wa tawi mambo matatu: mwaka jana mliwakopesha wafanyabiashara wangapi wa wilaya hii, wangapi ni wanawake, na aliyeshindwa kulipa kwa sababu ya mafuriko au msiba mlimfanyaje? Swali la tatu ndilo linalonifunulia mimi benki. Meneja anayeweza kueleza jinsi alivyompangia upya marejesho mtu aliyekwama anaijua kazi yake. Anayekimbilia kutaja dalali wa mnada nimeshamwelewa.

Mama wa mchele tulikubaliana aende kwenye matawi yote mawili, na asiende na mimi. Aliandika maswali yake kwenye kaunta buku ya madeni, ukurasa wa nyuma, kwa herufi kubwa. Wiki mbili baadaye alinipigia. Benki moja ilimwambia marejesho ni kila mwezi kuanzia Julai, mfumo ndivyo ulivyo. Nyingine ilimuuliza mpunga anaununua mwezi gani na mchele anauuza lini, ikamwandikia barua ya ofa yenye marejesho mawili: Desemba na Februari. Riba ya huyu wa pili ilikuwa juu kidogo.

"Nimesaini," akasema. "Sasa njoo unionyeshe hiyo iliyoingia, kama ni kamili."

Ilikuwa imepungua 250,000. Alikuwa ameshaijua, ameiandika kwenye kaunta buku tangu siku ya kwanza.